A Lo Cubano ya Orishas: mfungua njia kwenye kona ya mtaa wa Havana

Albamu ya A Lo Cubano ya Orishas, kundi la rap la Wakuba, ilitoka mwaka 1999, na hadi leo sijapata kazi nyingine ya rap ya Kihispania iliyoweza kuyaweka mambo ya ghaibu na maisha ya mtaani ndani ya wimbo mmoja bila upande mmoja kuumeza mwingine. Rap ya Kihispania haikosi dini wala viumbe vya kuzimu. Wako wanaomtaja Bikira Maria kabla ya kutaja bunduki, wako wanaojifananisha na shetani ili watishe, na yuko marehemu Canserbero wa Venezuela, aliyejipa jina lenye mwangwi wa mbwa wa kuzimu wa Wagiriki wa kale, na ambaye katika "Es épico" anamfikisha msimulizi wake hadi jehanamu baada ya kisasi cha mtaani. Kwa wengi wao ghaibu ni ukumbi wa mwisho, mahali mtu anapokwenda akishakufa. Orishas wanaanzia kwingine. Kwao miungu, yaani orisha wa Wayoruba wa Afrika Magharibi waliowapa jina la kundi, ni watu wa nyumbani: wanakaa nyuma ya mlango, wana chakula chao, rangi zao na siku zao, na huombwa mambo ya kila siku, kama vile njia kufunguka, riziki kupatikana na adui kupita kando. Albamu hii husikilizwa sana kama muziki wa kuchezea tu, nami naamini kwamba anayeishia kwenye mdundo anaacha nusu ya mali iliyomo.

Kundi lenyewe lilizaliwa mbali na kwao. Yotuel Romero na Hiram Riverí, anayejulikana zaidi kwa jina la Ruzzo, walikuwa marapa wa kundi la Amenaza mjini Havana, katika kizazi kilichokulia kwenye tamasha la rap la Alamar, kitongoji cha mashariki mwa Havana, lililoanza mwaka 1995. Walipofika Paris wakakutana na Wakuba wenzao wawili, Roldán González, mwimbaji na mpiga gitaa mwenye sauti inayotoka moja kwa moja katika son, muziki wa asili wa Kuba, ya zamani, na Liván Núñez Alemán, maarufu kama Flaco-Pro. Baadaye Flaco-Pro aliondoka na kundi likabaki la watu watatu, lakini katika albamu hii ya kwanza yumo. Umbali huo kati ya Paris na Havana unasikika kote, kwa kuwa kila mtaa unaotajwa unatajwa na mtu asiyeweza kuurudia kesho asubuhi, na kila orisha anayeitwa anaitwa na mtu aliyevuka bahari na kumchukua kichwani mwake.

Inafaa kukumbuka ni Havana ipi waliyoiacha. Umoja wa Kisovieti ulipovunjika mwaka 1991, Kuba ilipoteza mshirika aliyekuwa akiipa mafuta na soko, ikaingia katika wakati ambao serikali yenyewe iliuita Kipindi Maalumu. Umeme ulikatika kwa saa nyingi, mabasi yakaadimika, na kadi ya mgao wa chakula ikawa haimfikishi mtu mwisho wa mwezi. Mwaka 1993 matumizi ya dola ya Marekani yakahalalishwa, na mji ukagawanyika baina ya waliozipata dola hizo kwa watalii au kwa jamaa walioko nje, na wale ambao hawakuwa na mtalii wala jamaa. Agosti 1994 watu waliandamana kwenye barabara ya ufukweni mjini Havana, na katika majuma yaliyofuata maelfu wakajitosa baharini kuelekea Florida kwa vyombo walivyojiundia wenyewe. Wakati huohuo, mashariki mwa mji, katika maghorofa ya zege ya Alamar, ambayo wakazi walianza kujijengea kwa vikosi vya kazi katika miaka ya 1970, vijana walikuwa wakitegesha antena ili kunasa redio za Miami, na humo ndimo rap ilimopitia kuingia kisiwani.

Miungu yenyewe iliingia kwa njia nyingine na kwa maumivu makubwa zaidi. Wayoruba walipelekwa Kuba kwa wingi katika karne ya 19, wakati himaya yao ya Oyo ilipokuwa ikisambaratika kwa vita na mateka wake kuuzwa pwani, na utumwa haukufutwa kisiwani humo hadi mwaka 1886. Huko waliwakuta Wakongo, ambao dini yao imebaki kwa jina la Palo, na watu wa eneo la Calabar, walioanzisha chama cha siri cha Abakuá. Hata Wamakua kutoka upande wa Msumbiji wamo katika kumbukumbu za watumwa wa Kuba, jambo ambalo msomaji wa Mtwara au Lindi hapaswi kulipita haraka. Wakuba wenyewe wana msemo kwamba asiye na damu ya Kongo ana damu ya Karabali, yaani ya watu hao wa Calabar. Chini ya kanisa na serikali ya Kihispania, orisha wakaambatanishwa na watakatifu wa Kikatoliki: Changó, mwenye radi, moto na ngoma, akapewa sura ya Mtakatifu Barbara, ambaye sikukuu yake ni tarehe 4 Desemba, Ochún, bibi wa mito na asali, akawa Bikira wa El Cobre, Yemayá wa baharini akawa Bikira wa Regla, ng'ambo ya bandari ya Havana, na Babalú Ayé, mwenye magonjwa na uponyaji, akawa Lazaro mwenye magongo, ambaye kila tarehe 17 Desemba mahujaji humwendea huko El Rincón, wengine wakijiburura chini barabarani ili kutimiza nadhiri.

Kati ya hao wote, anayeishikilia albamu hii ni Elegguá. Huyu ndiye mwenye njia panda, mlinzi wa mlango, mjumbe kati ya watu na orisha wengine, mtoto mtundu na mzee mjanja kwa wakati mmoja. Katika nyumba nyingi za waumini yeye ni kichwa kidogo cha jiwe au saruji, chenye macho na mdomo wa simbi, kinachowekwa karibu na mlango ili aone anayeingia na anayetoka. Namba yake ni tatu, rangi zake ni nyekundu na nyeusi, na katika ibada yeye huamkiwa kabla ya wengine, kwa sababu asipofungua yeye hakuna maombi yanayopita. Msomaji wa Unguja au Pemba aliyewahi kuhudhuria ngoma ya pepo, ambamo kila pepo ana nguo yake, wimbo wake na chakula chake, na ambamo kukosea utaratibu ni kuharibu shughuli nzima, ataielewa adabu hii bila maelezo zaidi.

Wimbo wa "Canto para Elewa y Changó", yaani wimbo kwa Elegguá (Elewa ni jina lake jingine) na Changó, ndio kilele cha albamu, na ndio ningemchezea mtu yeyote anayeniuliza ghaibu inafanya nini katika rap. Kwanza tunasikia uimbaji wa ibada kwa Kilukumi, yaani Kiyoruba cha zamani kilichohifadhiwa Kuba kwa ajili ya miungu, kwa mtindo wa kiongozi kuanzisha na wengine kuitikia. Kisha rap inaingia juu yake. Rapa anajitangaza kuwa mwana wa Elegguá, anamwita mfalme wa njia, anazitaja rangi zake nyekundu na nyeusi na kuzifananisha na mvinyo, halafu anasema kwamba wimbo huu anamtolea huyo anayemfungulia njia, naye rapa mwenyewe akiwa chini ya kinga yake. Sehemu inayofuata inamgeukia Changó, na nguvu ya sauti inabadilika kama inavyopaswa kubadilika mtu anapotoka mbele ya mtoto mtundu na kusimama mbele ya mfalme wa radi.

Kinachonivutia hapa ni jinsi majigambo yanavyogeuzwa. Rap, iwe ya New York, ya Havana au ya Temeke, imejengwa juu ya kujisifu: mimi ni mkali, mimi nimewashinda, hakuna wa kunifikia. Katika wimbo huu rapa anajisifu kwa nguvu zote, lakini kila sifa ina mwenyewe, na mwenyewe huyo si rapa. Ukali wake umeazimwa. Njia aliyopita imefunguliwa na mwingine, ulimi wake mwepesi una mlinzi, na ubeti wenyewe umewekwa mbele ya mlango kama wengine wanavyoweka peremende, pombe kali au moshi wa sigara, vitu ambavyo Elegguá hupewa na wanaomtumikia. Hivyo ubeti wa rap unakuwa sadaka. Sijaona wazo hili likitekelezwa kwa usafi kama huu katika rap ya lugha nyingine ninayoielewa.

Na hapo ndipo mtaa unapokutana na ghaibu. Kijana wa Cayo Hueso au San Leopoldo, mitaa ya Havana, katika miaka ya 1990 alisimama kwenye kona. Hapo ndipo biashara ya magendo ilipopita, hapo ndipo watalii walipopotea njia, hapo ndipo polisi walipodai vitambulisho, na hapo ndipo habari zilipofika kwanza. Elegguá naye ni wa kona. Ni mwenye hila, mwenye kupenda tamu na kali, anayejua nani amepita na amebeba nini, anayeweza kukupa bahati au kukupoteza kwa sababu hukumwamkia. Mshairi asiyejua mtaa angemweka orisha huyu mawinguni. Orishas wamemwacha palepale anapokaa, na kwa kufanya hivyo wakaupa mtaa heshima ambayo magazeti na vijitabu vya watalii havikuupa.

Kutaja orisha katika nyimbo za kupendwa za Kuba hakukuanza na hawa. Celina González aliimba sifa za Changó kwa jina la Mtakatifu Barbara tangu miaka ya 1940, Miguelito Valdés aliueneza wimbo wa "Babalú" kabla ya hapo, na Celia Cruz alirekodi nyimbo za orisha akiwa bado Havana. Mapinduzi yalipokuja, dola ikajitangaza kuwa haina Mungu, na waumini wengi wakajifunza kuyaficha mambo yao. Mwaka 1991 Chama cha Kikomunisti kikawaruhusu waumini kujiunga nacho, mwaka 1992 katiba ikarekebishwa na dola ikawa isiyofungamana na dini yoyote, na Januari 1998 Papa Yohane Paulo wa Pili akaitembelea nchi. Kwa hiyo, kijana aliyejiita Orishas mwaka 1999 na kuvaa shanga zake mbele ya kamera alikuwa akifanya jambo ambalo mama yake pengine alilifanya kwa kunong'ona. Uhuru huo mpya unasikika katika uimbaji: hakuna kificho, hakuna kuomba radhi.

Nyimbo za mtaa zenyewe ni tofauti kwa ubora. Ulio bora kuliko wote ni "537 C.U.B.A.". Jina lake ni namba ya simu: 53 ni ya nchi ya Kuba na 7 ni ya mji wa Havana, kwa hiyo kabla hujasikia neno lolote umeshajua kwamba kuna mtu yuko mbali na anapiga nyumbani. Chini yake linapita gitaa la "Chan Chan" ya Compay Segundo, wimbo ambao dunia nzima ilikuwa imeusikia miaka miwili tu kabla, ukifungua albamu ya mwaka 1997 ya Buena Vista Social Club, kundi la wanamuziki wakongwe wa Kuba. Wengi walidhani Orishas wamedandia umaarufu wa wazee. Mimi naona kazi ya kufikiri. "Chan Chan" ni wimbo wa safari ya shamba, unaotaja miji midogo ya mashariki mwa Kuba mmoja baada ya mwingine, Alto Cedro, Marcané, Cueto, Mayarí. Orishas wameuchukua mwendo uleule na kuweka mitaa ya Havana mahali pa miji hiyo: Cayo Hueso, San Leopoldo, Miramar, Alamar, Habana Vieja. Safari ya mzee wa shamba imegeuka kuwa kumbukumbu ya kijana wa mjini aliyehamia ng'ambo, na machozi yanayotajwa humo yanaaminika. Ndugu zetu walioko Muscat, Brussels au Minneapolis wanaijua hali ya kuyataja majina ya mitaa ya kwao usiku mmoja baada ya mwingine ili yasipotee.

"A lo cubano", uliolipa albamu jina, ndio wimbo unaoeleweka vibaya kuliko yote. Kiitikio chake kinaorodhesha pombe ya ramu, sigara za Havana na wasichana kila upande, na ukiusikia hotelini utadhani ni tangazo la kuuza likizo. Sikiliza hadi mwisho wa kiitikio. Pale wanasema kwamba mvinyo wetu ni mchungu, lakini ni mvinyo wetu, na hapo kila Mkuba aliyepita shule anaisikia sauti ya José Martí, ambaye katika insha yake "Nuestra América" ya mwaka 1891 aliwataka watu wa bara lile watengeneze mvinyo kwa ndizi zao wenyewe, na hata ukiwa mkali uwe ni wao. Sentensi moja ya mwasisi wa taifa imeingizwa katikati ya starehe za mtaani, na uzito wa wimbo wote unabadilika, kwa sababu mwaka 1999 uchungu wa mvinyo huo ulikuwa mezani kwa kila mtu. Tena ukikumbuka ni nani anayepewa pombe kali na moshi wa sigara nyuma ya mlango, orodha ile ya starehe inaanza kufanana na orodha ya vitu vya kafara. Huo ni usomaji wangu, nami nausimamia.

"Represent" ni wimbo wa kujitambulisha, wenye nguvu nyingi za jukwaani, na kiitikio cha Roldán kuhusu nchi ya mto, tumbaku na mashamba ya miwa kinampa rapa ardhi ya kusimamia. "Madre" ni wimbo wa mwana kwa mama yake na hauhitaji ufafanuzi. "Barrio" unatimiza jina lake kwa uaminifu, ingawa baada ya "537 C.U.B.A." haukuniongezea mengi.

Kuhusu sauti, siri ya albamu ni Roldán. Marapa wa Kuba waliobaki Alamar walikuwa na mistari mikali kuliko hii, lakini wengi walichana juu ya midundo iliyofuata nyayo za New York. Hapa mdundo wa mashine unalala juu ya clave, ule mpigo unaoongoza muziki wa Kuba, piano inacheza ule mzunguko wa son usiochosha, kongas zinajibizana na besi, na Roldán anaingia kati ya ubeti na ubeti kama mwimbaji wa bolero aliyefika na gitaa lake. Kila rapa anapomaliza kusema habari ya mtaa, sauti ya Roldán inaipeleka habari hiyo kwa babu. Sikio la Mswahili litajikuta nyumbani mara moja, na sababu yake ni ya kihistoria kabisa. Santuri za Kuba za mfululizo wa G.V. zilianza kuingia Kongo katika miaka ya 1930, wanamuziki wa Léopoldville na Brazzaville wakaitambua humo ngoma iliyokuwa imechukuliwa kwao, wakaijenga upya kwa magitaa, na rumba hiyo ikasambaa hadi Dar es Salaam na Nairobi. UNESCO imeiorodhesha rumba ya Kuba mwaka 2016 na ya Kongo mwaka 2021. Kwa mtu aliyelelewa na redio iliyopiga Franco na Tabu Ley, gitaa la "537 C.U.B.A." si geni hata kidogo.

Sasa niyaseme mapungufu, nayo si madogo. La kwanza ni wanawake. "Atrevido" inasimulia habari ya mwanamke na mwanamume wake wa mtaani wanaoishi kwa mfuko wa mtalii, na inaisimulia kwa furaha ya ujanja uliofanikiwa. Najua kwamba katika mji ambako mshahara wa daktari haukufikia matumizi ya usiku mmoja ya mgeni, kumpumbaza mgeni kulikuwa ushindi wa aina yake, na hadithi ya mjanja anayemshinda tajiri ni ya zamani kuliko rap. Lakini anayelipa kwa mwili wake katika hadithi hiyo ni mwanamke, na wimbo haumuulizi chochote. Ili kuona kinachokosekana, msikilize Magia López wa kundi la Obsesión katika "La llaman puta", ambamo mwanamke huyohuyo anatazamwa kwa macho ya mwanamke mwenzake, pamoja na njaa yake, watoto wake na hofu yake. Baada ya wimbo huo, "Atrevido" inasikika nyembamba. Na katika kiitikio cha "A lo cubano" wasichana wamewekwa kwenye orodha moja na ramu na tumbaku, jambo ambalo hata sentensi ya Martí haiwezi kulitetea. Linashangaza zaidi kwa kundi lililochukua jina la orisha, kwa kuwa Ochún na Yemayá ni wenye mamlaka makubwa, na waumini hawathubutu kuwataja kama mapambo ya karamu.

La pili ni ukimya kuhusu ngozi na polisi. Vijana weusi wa Havana walisimamishwa barabarani na kudaiwa vitambulisho kuliko wenzao weupe, na rap iliyobaki kisiwani haikunyamaza juu ya hilo. Kundi la Hermanos de Causa lilichukua shairi la Nicolás Guillén la mwaka 1964, "Tengo", ambamo mtu mweusi anahesabu yote aliyopewa na mapinduzi, wakaligeuza kuwa hesabu ya yale asiyonayo. Hakuna chenye makali ya namna hiyo katika A Lo Cubano. Yotuel alikuja kuyatoa makali yake baadaye sana: Februari 2021 alikuwa miongoni mwa waimbaji wa "Patria y Vida", wimbo uliojibu kaulimbiu ya serikali ya nchi au kifo kwa kusema nchi na uhai, ukaimbwa katika maandamano ya Julai mwaka huo na kushinda tuzo ya wimbo wa mwaka ya Latin Grammy. Mwenzake katika wimbo huo, Maykel Osorbo, aliyekuwa amebaki Havana, alitiwa gerezani. Anayeisikiliza albamu ya 1999 leo akijua yaliyofuata atayasikia majonzi yake kwa namna nyingine, lakini siwezi kuipa sifa ya ujasiri ambao haukuwemo.

La tatu ni usafi wa studio. Katika nyimbo za kucheza, kila kitu kimepigwa pasi mno, na jina la kundi linarudiwa mara nyingi hadi linachosha. Ngoma za ibada nazo zimebanwa. Ngoma tatu za batá, ambazo ndizo sauti halali ya kuwaita orisha hawa, huzungumza kwa kupishana kunakohitaji nafasi na muda, na wimbo wa dakika chache wa kuuzwa madukani hauwezi kuzipa. Ningependa "Canto para Elewa y Changó" uwe na urefu maradufu.

Kwa upande wa pingamizi la kidini, najua baadhi ya wasomaji, Waislamu na Wakristo, watauliza kama inafaa kusikiliza nyimbo zinazosifu miungu. Hilo kila mmoja ataliamua na dhamiri yake. Ninachoweza kusema ni kwamba albamu haihubiri na haimwiti mtu kwenye dini. Inamwonyesha mtu anayeomba kwa lugha ya mababu zake waliofungwa minyororo, akiwa mtaani kwake, bila kumwonea haya mtu yeyote.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni huu. Usiweke albamu ichezwe tangu mwanzo na kuendelea na shughuli zako. Anza na "537 C.U.B.A." ili uijue sauti ya Roldán, kisha "Canto para Elewa y Changó" ukiwa na maneno yake mbele yako, kwa kuwa Kihispania cha Havana humeza herufi za mwisho na kasi ya marapa haimngoji mgeni. Fuatisha "A lo cubano" na uusubiri ule mstari wa mvinyo. "Represent" na nyinginezo zitajipanga zenyewe baada ya hapo. Tumia spika zenye besi ya kutosha, maana simu ya mkononi inazipoteza kongas zote, na wimbo unabaki mifupa. Ukiipenda, nenda kwenye Emigrante ya mwaka 2002, ambayo imetulia zaidi na kuandikwa kwa ukomavu mkubwa kuhusu maisha ya mhamiaji, ingawa Elegguá hasikiki humo kwa ukaribu ule. Albamu za baadaye, El Kilo ya 2005 na Cosita Buena ya 2008, ni za kucheza kuliko kusikiliza. Nisingezinunua kabla ya hizi mbili.